Gridi ya umeme: Tuliuzoea ukame, je, tumejiandaa kwa mafuriko, dhoruba na joto?

NA MWANDISHI WETU

MNAMO Juni 7, 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili alikwea paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, kisha akaangukia transfoma. Transfoma ikazima. Mitambo mingine ya kituo hicho ikalemewa na mzigo, nayo ikazima. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka, na nchi nzima ikaachwa bila stima kwa saa kadhaa.

Wakenya walicheka, hasa waliposikia kwamba tumbili huyo alinusurika na kuchukuliwa na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Hata hivyo, nyuma ya kicheko hicho kulikuwa na swali zito. Ikiwa mnyama mmoja anayeweza kupakatwa anatosha kuzima taa kutoka Mombasa hadi Busia, itakuwaje siku dhoruba itakapong'oa milingoti kumi kwa mkupuo, au mto utakapofurika na kukifunika kituo cha kusambaza umeme?

Swali hilo si la kubahatisha. Wataalamu wa hali ya anga wamekuwa wakionya kwamba ongezeko la joto duniani linaufanya ukame kuwa mkali zaidi, mvua kuwa nzito zaidi, na msimu mmoja kutofautiana mno na ule unaoufuata.

Kenya imejifunza, kwa gharama kubwa, jinsi ya kuzalisha umeme wakati wa kiangazi. Somo ambalo bado haijalihitimu ni jinsi ya kuufikisha umeme huo kwa mwananchi wakati nyaya, nguzo na transfoma zinapoandamwa na mvua, upepo na joto.

GRIDI HUFANYAJE KAZI?

Ili kuelewa hatari iliyopo, ni sharti kwanza kuelewa gridi yenyewe. Gridi ni mtandao unaounganisha mitambo ya kuzalisha umeme, laini kuu zinazobebwa na milingoti ya chuma, vituo vya kupunguza nguvu za umeme, na nyaya za mitaani zinazoingia katika nyumba, maduka, shule na hospitali.

Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Isipokuwa kiasi kidogo kinachoweza kuhifadhiwa katika betri, umeme hutumika papo hapo unapozalishwa. Kwa hivyo kila sekunde, usiku na mchana, kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kile kinachotumiwa.

Mfano wake ni chombo kinachoendeshwa kwa makasia. Wapiga makasia wote hufuata mdundo mmoja. Katika gridi ya Kenya, mdundo huo ni mizunguko 50 kwa sekunde, na mitambo yote, iwe ya Tana, Olkaria au Loiyangalani, haina budi kuufuata.

Wapiga makasia wawili wakiacha kazi ghafla, waliosalia hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, la sivyo mwendo hupungua. Ikiwa hawana nguvu za ziada, nao huchoka na kuacha, mmoja baada ya mwingine, hadi chombo kinasimama. Hivyo ndivyo hitilafu ya Gitaru ilivyogeuka kuwa giza la taifa zima.

Nahodha mwerevu ana njia ya kukiokoa chombo: anatupa baharini sehemu ya shehena ili kilichobaki kifike bandarini. Katika gridi, swichi za usalama huikatia umeme baadhi ya mitaa mara tu mdundo unapoanza kushuka, ili nchi nzima isizimike. Swichi hizo zikichelewa, au zikitupa shehena ndogo kuliko inavyotakikana, hakuna kinachookolewa.

Gridi ikishazimika kabisa, kuiwasha si jambo la kubonyeza kitufe. Mitambo mingi mikubwa huhitaji umeme ili kuanza kazi, kwa sababu ina pampu, feni na vifaa vya kuiongoza. Kwa kawaida vituo vya maji ndivyo huamshwa kwanza kwa msaada wa jenereta ndogo, kisha umeme wao hupelekwa hatua kwa hatua kuamsha vingine. Ndiyo maana giza linaloingia kwa sekunde chache huchukua saa nyingi kuondoka.

SOMO LA UKAME

Kwa muda mrefu, umeme wa Kenya ulikuwa ni Mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Masinga, lenye uwezo wa kuhifadhi maji ya takriban mita za ujazo bilioni 1.56, ndilo ghala la mabwawa mengine yote yaliyo chini yake.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Mabwawa yote matano hunywa kutoka kwa mito ileile inayotiririka kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare. Mvua ikikosa huko, yote huona kiu kwa wakati mmoja.

Udhaifu huo ulijidhihirisha muda mfupi tu baada ya mvua kubwa za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998. Mafuriko yaliyobomoa barabara na madaraja yalifuatwa na ukame uliokausha mito, na kufikia mwaka wa 2000 Wakenya walikuwa wakiishi kwa mgao wa umeme. Viwanda vilipunguza zamu, mafundi wa jua kali walikaa bila kazi mchana kutwa, na serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa dharura.

Hali ilijirudia mwaka wa 2009. Maji ya Masinga yalipungua kiasi kwamba mitambo yake ilizimwa, na mgao ukarejea.

Kutokana na machungu hayo, taifa lilibadilisha njia. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao ulianza kutumika mwaka wa 1981 kwa mtambo wa megawati 15, ulipanuliwa kwa kasi. Mwaka wa 2014 pekee miradi iliyofunguliwa huko ililenga kuongeza megawati 280. Mvuke huo haujali kama mvua imenyesha au la, na sasa hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini.

Kisha ukaja upepo. Mitambo 365 ya upepo iliyojengwa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, iliunganishwa na gridi mwaka wa 2018. Mwaka uliofuata, kituo cha umeme wa jua cha Garissa kilifunguliwa kikiwa na uwezo wa takriban megawati 50.

Matunda ya mabadiliko hayo yalionekana kati ya mwaka wa 2020 na mwanzoni mwa 2023, wakati misimu mitano ya mvua ilipokosa mfululizo. Mifugo ilikufa kwa wingi Kaskazini Mashariki na mamilioni ya watu walihitaji chakula cha msaada. Lakini nchi haikurudi katika mgao wa kitaifa kama ule wa mwaka wa 2000.

Hilo ni fanikio linalostahili kutajwa. Lakini ni fanikio la upande mmoja wa gridi: upande wa uzalishaji.

UDHAIFU UMEHAMIA KWENYE LAINI

Tazama yaliyotokea asubuhi ya Septemba 6, 2024. Kulingana na maelezo yaliyotolewa na Wizara ya Kawi, laini inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilikatika katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara tu baadaye, laini inayoleta umeme kutoka Ethiopia, iliyokuwa imebeba megawati 200, nayo ikakatika.

Kwa jumla, megawati 488 zilitoweka, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika wakati huo. Sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilikuwa limetanda nchini kote hata katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambako abiria walikaa wakimulikiwa na simu. Kampuni ya kusambaza umeme ilisema mtambo wa upepo ulikuwa umejiondoa kwenye gridi. Wenye mtambo wakajibu kwamba ulijizima ili kujikinga, baada ya nguvu za umeme katika gridi kupanda kupita kiasi.

Hatuhitaji kuamua nani alikuwa na haki ili kuona funzo lenyewe. Katika matukio yote mawili, upepo ulikuwepo, mvuke ulikuwepo, na maji yalikuwepo. Kilichokosekana ni njia salama ya kuufikisha umeme, na uwezo wa gridi kustahimili pigo moja kubwa bila kuanguka.

Mapigo hayo hayakusemekana kuletwa na hali mbaya ya anga. Lakini mtu anayeanguka akijikwaa kwenye kokoto hawezi kujigamba kwamba atasimama wima katika kimbunga.

Laini, kwa hakika, ni mtoto aliyesahauliwa wa sekta ya kawi. Mitambo ya Loiyangalani ilikamilika mwaka wa 2017, ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila kazi kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikuwa haijakwisha kujengwa. Mlipaji ushuru aligharamia kuchelewa huko kwa mabilioni ya shilingi. Mitambo ina uzinduzi na utepe wa kukatwa. Nyaya hazina shangwe hiyo.

Kuna na wizi. Januari 2022, milingoti ya laini ya kutoka Kiambere iliporomoka katika mtaa wa Imara Daima jijini Nairobi, na nchi nzima ikazimika. Uchunguzi ulielekezwa kwa wahalifu wanaong'oa vyuma vya milingoti na kuviuza kama vyuma kuukuu. Mlingoti ulioibiwa vyuma vyake huweza kusimama miezi mingi wakati wa shwari. Siku ya upepo mkali ndiyo siku ya hesabu.

MVUA, JOTO NA TOPE

Adui huyu mpya ana nyuso nyingi, na kila uso hushambulia kiungo tofauti cha gridi.

Kwanza ni maji mengi. Kati ya Machi na Mei 2024, mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini. Masinga, bwawa lililokuwa limezimwa kwa ukosefu wa maji miaka 15 kabla ya hapo, lilijaa kupita kiwango chake cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na maji yakamwagika kuelekea Garissa na Tana River.

Mtu anaweza kudhani kwamba mabwawa yakijaa, wahandisi wa umeme hulala usingizi. La hasha. Udongo uliolowa haushiki nguzo ya mbao iliyooza miguuni. Mto unaopanua kingo zake humega ardhi chini ya milingoti. Barabara zikikatika, mafundi hawafiki palipoharibika. Nao wakazi walio chini ya bwawa hubeba msalaba wa maji ambayo ghala halikuweza kuyazuia.

Pili ni joto. Waya wa umeme hupata joto kwa sababu mbili: jua la nje na mzigo unaoubeba. Ukipata joto hurefuka, na ukirefuka hulegea na kushuka karibu na miti. Agosti 14, 2003, laini kadhaa katika jimbo la Ohio, Marekani, zililegea zikagusa miti ambayo haikuwa imepogolewa. Hitilafu hiyo, ikichanganyika na kasoro katika mitambo ya kutoa tahadhari, iliwaacha watu wapatao milioni 50 gizani nchini Marekani na Canada.

Joto huichosha transfoma vilevile. Ndani yake mna mafuta ya kuipoza, lakini usiku ukiwa na joto kama mchana, na mtaa umejaa friji na feni, transfoma haipati nafasi ya kupumua. Wakazi wa Mombasa, Kilifi na Garissa wanaujua vyema mlio wa transfoma inayolipuka Februari au Machi.

Hata umeme wa jua haupendi joto kali. Paneli za sola hupenda mwanga, si moto: kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25 katika paneli yenyewe hupunguza uzalishaji kwa takriban asilimia 0.4. Mitambo ya upepo nayo ina kikomo. Upepo ukizidi mita 25 kwa sekunde, mitambo mingi hujifunga ili isivunjike.

Tatu ni tope, adui asiye na kelele. Kila mvua kubwa inapoipiga miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya iliyokatwa miti, udongo hushuka hadi Masinga na kutulia chini. Tope likiongezeka, nafasi ya maji hupungua. Kwa hivyo mafuriko ya leo hulipunguzia bwawa uwezo wa kuhimili ukame wa kesho. Hii ndiyo sababu Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi iliundwa mwaka wa 2015, ili kuwasaidia wakulima wa juu kujenga matuta na kupanda nyasi na miti inayoshika udongo. Anayechimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko huko Murang'a anailinda taa inayowaka Kisumu, ajue asijue.

WENGINE WALIVYOADHIBIWA

Kenya ina bahati moja: inaweza kujifunza kwa kuwatazama waliotangulia kuumia.

Septemba 28, 2016, dhoruba kali iliangusha zaidi ya milingoti 20 katika jimbo la Australia Kusini. Mitambo kadhaa ya upepo ilijiondoa kwenye gridi kwa sababu ilikuwa imepangwa kujizima inapohisi mtikisiko mara kadhaa kwa muda mfupi. Jimbo zima likazimika. Baada ya hapo, mipangilio ya mitambo hiyo ilirekebishwa, na mwishoni mwa 2017 betri ya megawati 100, kubwa zaidi ya aina yake duniani wakati huo, ikaanza kazi. Betri huingia kazini kwa muda usiofika sekunde moja, kabla mitambo mingine haijazindukana.

Machi 2019, Kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji. Mji wa Beira ukaharibiwa, na milingoti ya laini inayopeleka umeme wa bwawa la Cahora Bassa nchini Afrika Kusini ikaangushwa. Afrika Kusini, ambayo haikuguswa na kimbunga chenyewe, ilipoteza takriban megawati 900 na mgao wake wa umeme ukazidi makali. Anayenunua umeme wa mbali hununua pia hatari za njiani.

Februari 2021, baridi isiyo ya kawaida iligandisha visima vya gesi na mitambo ya umeme katika jimbo la Texas, Marekani. Zaidi ya nyumba milioni 4 zilikosa umeme, na serikali ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246. Jambo la kusikitisha ni kwamba baridi kama hiyo ilikuwa imetokea mwaka wa 2011, na wachunguzi wakapendekeza mitambo ikingwe. Pendekezo hilo halikutekelezwa ipasavyo. Zaidi ya hayo, gridi ya Texas ilikuwa imejitenga kwa kiasi kikubwa na majirani, hivyo msaada haukuweza kupita.

Karibu nasi, Zambia, inayotegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, iliutangaza ukame kuwa janga la kitaifa mwaka wa 2024. Ziwa Kariba lilipungua mno, na baadhi ya wananchi walikaa bila umeme kwa zaidi ya saa 17 kwa siku.

Sasa linganisha. Katika mwaka huohuo wa 2024 ambapo Kariba ilikuwa inakauka, Masinga ilikuwa inafurika. Tanzania nayo, Machi mwaka huo, ilizima vituo kadhaa vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko mahitaji, baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kazi.

Hilo si jambo la nasibu. El Nino huleta mvua nyingi Kenya mwishoni mwa mwaka, lakini huleta ukame kusini mwa Afrika na mara nyingi hupunguza mvua za Juni hadi Septemba katika nyanda za juu za Ethiopia. Mvua haiwakosi wote siku moja. Ndipo ilipo thamani ya laini ya Ethiopia, iliyoanza kuiuzia Kenya umeme Novemba 2022, na ile ya Isinya hadi Singida inayotuunganisha na Tanzania.

Majirani waliounganishwa ni sawa na chama cha kuzikana: kila mmoja huchanga kidogo siku ya raha ili asiaibike siku ya msiba. Lakini, kama Septemba 2024 ilivyoonyesha, laini ya jirani isiposhikiliwa kwa uangalifu inaweza pia kuuongeza msiba.

NINI KIFANYWE?

Hatua ya kwanza haihitaji saruji wala chuma. Ni kubadilisha namna ya kupiga hesabu. Kwa miongo mingi wahandisi wameyajenga mabwawa, madaraja na milingoti kwa kuangalia rekodi za mvua na upepo za miaka iliyopita. Rekodi hizo bado zina faida, lakini haziwezi tena kuwa ndiyo mwongozo wa pekee. Mlingoti unaosimamishwa leo utatarajiwa kusimama miaka 40 au 50 ijayo, katika hali ya anga ambayo babu zetu hawakuijua.

Ya pili ni kuhakikisha hakuna kiungo kimoja kinachoweza kuangusha vyote. Wahandisi kote duniani wana kanuni rahisi: gridi iwe na uwezo wa kupoteza laini moja au mtambo mmoja, hata ule mkubwa kuliko yote, bila wateja kuzimiwa. Maana yake ni kuwa na laini ya pili inayopita njia nyingine, ili mafuriko ya bonde moja yasikate zote mbili. Maana yake pia ni kutoruhusu sehemu kubwa mno ya umeme wa nchi kupitia kituo kimoja kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni akiba. Wapo wapiga makasia wanaopaswa kukaa chomboni bila kuvuta kwa nguvu zote, ili waingie kazini mwenzao anapoanguka. Kuwalipa hao kunaonekana kama hasara hadi siku wanapohitajika. Betri kubwa zinaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, na zaidi ya hapo zinaweza kuhifadhi upepo wa Turkana unaovuma usiku wa manane wakati wateja wamelala.

Ya nne ni kuigawa gridi kwa hekima. Pigo likija, Pwani, Magharibi na eneo la Mlima Kenya ziweze kutengana kwa muda na kujitegemea, badala ya kuzama pamoja. Hospitali za kaunti, visima vya maji na vituo vya mawasiliano viwe na sola na betri zao zinazojaribiwa mara kwa mara. Jenereta ambayo haijawashwa kwa miezi sita ni pambo tu.

Ya tano ni kazi ya kila siku isiyopigiwa makofi: kupogoa miti, kubadilisha nguzo zilizooza, kuinua vituo vilivyojengwa katika mabonde ya mito, na kuzipunguzia mzigo transfoma zilizoelemewa. Kampuni ya kusambaza umeme imekuwa ikitumia nguzo za saruji badala ya mbao katika baadhi ya maeneo. Ni mwendo mzuri, ingawa nguzo ya saruji nayo huanguka ikisimikwa katika shimo fupi.

NANI ATALIPA?

Haya yote yana gharama, na hapa ndipo penye ugumu. Takriban robo tatu ya nyumba za Wakenya sasa zina umeme, na mahitaji ya juu kabisa yalipita megawati 2,300 mwaka wa 2025. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaoingia katika gridi hupotea njiani kabla ya kulipiwa, ama kwa uchakavu wa nyaya au kwa wizi. Mwananchi ambaye tayari analalamikia bei ya tokeni hatafurahia kuambiwa aongeze.

Lakini mwananchi huyohuyo tayari analipa. Ukame unapolazimisha mitambo ya dizeli kuwashwa, gharama ya mafuta huonekana katika bili yake. Mwenye bucha hutupa nyama, mvuvi wa Lamu huyeyukiwa na barafu, kinyozi hufunga duka mapema, na mama aliye leba hutegemea mwanga wa simu ya muuguzi. Gharama hizo haziandikwi katika risiti yoyote, lakini zipo.

Ndiyo maana Bunge, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) na serikali za kaunti zinapaswa kuulizwa maswali ya wazi kila bei mpya inapopendekezwa. Ni kiasi gani cha fedha hizo kitaenda katika laini na vituo, si katika mitambo pekee? Ni vituo vipi vilivyo katika njia ya mafuriko? Baada ya kila giza la kitaifa, ripoti ya uchunguzi iko wapi, na ni pendekezo lipi limetekelezwa? Texas ilikuwa na ripoti kabatini kwa miaka 10.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tusijenge wala kupanda mikaratusi chini ya laini kuu. Tupige ripoti tunapoona vyuma vya milingoti vikifunguliwa, na tusivinunue. Umeme ukikatika, tuchomoe friji na runinga, kwani unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Na wakati wa mafuriko, waya ulioanguka majini usikaribiwe hata kama unaonekana umekufa.

Methali inatukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukame tuliuona mwaka wa 2000, tukauziba kwa mvuke na upepo, na leo tunaona faida yake. Ufa ulio katika nyaya na milingoti nao umekwisha kuonekana, tena zaidi ya mara moja. Kilichobaki ni kuuziba kabla ya msimu mwingine wa mvua kubwa kuupima ukuta wenyewe.